Wasomaji wa "Nineteen Eighty-Four" na Nyongeza ya Lugha

Riwaya ya George Orwell iitwayo Nineteen Eighty-Four ilitolewa London tarehe 8 Juni, 1949, na siku chache baadaye ikatolewa New York. Mwandishi wake, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eric Arthur Blair, aliimaliza akiwa mgonjwa wa kifua kikuu katika kisiwa cha Jura huko Scotland, akafariki tarehe 21 Januari, 1950, umri wake miaka 46. Basi baada ya kitabu kutoka aliishi miezi saba tu na siku chache. Muda huo mfupi ulitosha kumwonyesha kwamba kitabu kikisha kutoka mkononi mwa mwandishi huwa mali ya wasomaji, nao hukipa maana kwa kadiri ya haja zao.

Maoni ya wasomaji hao ni mengi, na yanapingana. Wako waliokiona kitabu kuwa silaha dhidi ya Urusi, wako waliokiona kuwa matusi kwa wafanyakazi, wako waliokipima kama utabiri wa sayansi wakasema kimekosea, na wako waliokiona kuwa kilio cha mgonjwa aliyekata tamaa. Kwa mtu wa lugha mabishano hayo yana jambo moja la kushangaza. Kitabu kinamalizika kwa Nyongeza ya kurasa chache inayoeleza sarufi na msamiati wa lugha ya kubuniwa, na wengi wa wasomaji mashuhuri ama waliipita bila ya kuitaja, ama waliisifu kama kitu cha pembeni. Ilhali maswali makubwa waliyogombania, yaani kitabu chamsema nani, na je, chaacha tumaini lolote, hayawezi kujibiwa vema bila ya kurasa hizo.

Hadithi yenyewe yaweza kusimuliwa kwa maneno machache. Dunia imegawanyika katika dola tatu zinazopigana vita visivyokwisha. Uingereza imekuwa jimbo tu la dola iitwayo Oceania, inayotawaliwa na Chama kimoja chini ya sura ya Kaka Mkubwa, ambaye hakuna ajuaye kama yu hai au ni picha tu. Katika nyumba ya kila mwanachama kuna kioo cha picha kinachosema na kuona: mtu hukitazama, nacho chaweza kumtazama yeye. Winston Smith, mwenye umri wa miaka 39, hufanya kazi katika Wizara ya Ukweli, na kazi yake ni kuandika upya magazeti ya zamani ili yakubaliane na yale ambayo Chama kinayasema leo. Anaanza kuandika shajara kwa siri, anampenda msichana aitwaye Julia, anamwamini mkubwa mmoja wa Chama aitwaye O'Brien, na O'Brien huyo ndiye anayemtesa mpaka akili yake inavunjika na moyo wake unampenda Kaka Mkubwa. Katika wizara hiyo yumo pia mtaalamu wa lugha, Syme, anayeshughulika na toleo la kumi na moja la kamusi ya Newspeak, lugha ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa Usemi Mpya. Syme huona fahari kwamba kazi ya kamusi yake si kukusanya maneno bali kuyaua.

Msomaji wa kwanza wa maana alikuwa mchapishaji mwenyewe, Fredric Warburg. Katika taarifa aliyoiandika Desemba 1948 alikiri kwamba kitabu kimemtisha, akakadiria kwamba kingeweza kukipatia chama cha Conservative kura milioni nzima. Kitabu kilihesabiwa kura kabla hakijapigwa chapa. V. S. Pritchett, katika New Statesman and Nation ya Juni 1949, alisema kwamba hajapata kusoma riwaya ya kuogofya na kuhuzunisha kuliko hiyo, na papo hapo kwamba haiwezekani kuiweka chini. Mwezi huo huo Lionel Trilling, katika New Yorker, aliwaonya wasomaji wake wa Marekani wasijifariji kwamba ni Urusi peke yake inayosemwa; kwa maoni yake kitabu chaonyesha kwamba hatari kwa uhuru wa mtu yaweza kuzaliwa na ile nia njema yenyewe ya kutengeneza jamii. Kwa upande wa pili Samuel Sillen, katika jarida la kikomunisti la Masses & Mainstream la Agosti 1949, alikishambulia kwa dharau kubwa, hata katika kichwa cha makala yake akakifananisha na funza.

Orwell mwenyewe hakunyamaza. Mnamo Juni 1949 alimjibu kwa barua Francis Henson, wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari cha Marekani, aliyetaka kujua kitabu kimekusudia nini. Alisema kwamba hakukusudia kuushambulia ujamaa wala chama cha Labour cha Uingereza, bali kuonyesha upotovu ambao uchumi unaoshikwa na mkono mmoja waweza kuuleta, na ambao sehemu yake ulikwisha kuonekana katika Ukomunisti na Ufashisti. Akaongeza kwamba aliiweka hadithi katika Uingereza makusudi, ili isisitizwe kwamba watu wasemao Kiingereza si bora kwa asili kuliko wengine. Jibu hilo lilitangazwa magazetini, lakini halikubadili mengi. Aliyetaka silaha aliendelea kuishika.

Ushahidi wa jambo hili watolewa na Isaac Deutscher, mwanahistoria mzaliwa wa Poland aliyeandika maisha ya Stalin na ya Trotsky. Katika insha yake ya mwaka 1954 alisimulia kwamba mwuza magazeti mmoja katika New York alimsihi akinunue kitabu hicho, kwa sababu akikisoma atajua kwa nini Wabolsheviki wanapaswa kuangushiwa bomu la atomiki. Deutscher alitoa hukumu kali: kwamba kitabu kimekuwa silaha kubwa ya vita baridi, kwamba mpango wake umetokana na riwaya ya Mrusi Yevgeny Zamyatin iitwayo We, na kwamba mwandishi, aliposhindwa kueleza sababu za ukatili wa Stalin kwa akili, alikimbilia kuufanya ukatili uwe fumbo lisiloelezeka. Katika madai haya lile la kukopa lina ukweli, lakini si siri iliyofichuliwa. Orwell aliisoma We, akaiandikia uhakiki katika Tribune mwezi wa Januari 1946, tena akaisifu. Dai la tatu ni zito zaidi, nalo litajibiwa chini.

Mwaka mmoja kabla ya insha ya Deutscher, Czesław Miłosz, mshairi wa Poland aliyekuwa ameikimbia serikali ya nchi yake, alitoa ushahidi mwingine katika kitabu chake The Captive Mind cha mwaka 1953. Alisema kwamba katika nchi za Ulaya ya Mashariki kitabu cha Orwell kilikuwa kigumu kupatikana na hatari kuwa nacho, hata wakijua wachache tu walio karibu na utawala. Nao walistaajabu kwamba mtu asiyepata kuishi Urusi aliweza kuyajua maisha yao kwa undani namna ile. Hapa wasomaji wawili, mmoja mzaliwa wa Poland na mwingine mshairi wa Poland, wanatoa hukumu mbili zisizolingana juu ya kitabu kimoja. Mmoja asema kwamba mwandishi hakuuelewa utawala wa namna ile, mwingine asema kwamba walioishi chini yake walijiona humo kama katika kioo. Katika Urusi ya Kisovieti yenyewe kitabu hakikuruhusiwa kutolewa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na kupigwa marufuku kwa muda wa miaka karibu 40 nako ni maoni ya msomaji wa aina yake.

Katika mabishano haya yote ya siasa kuna tabia moja. Kila mmoja alimwona jirani yake katika kitabu. Mwuza magazeti wa New York aliwaona Wabolsheviki. Warburg aliona chama cha Labour kikipoteza kura. Sillen aliona mabepari wanaolipia matusi. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kusema kwamba nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Trilling ni katika wachache waliogeuza kioo kiwaelekee wasomaji wake wenyewe. Walakini hata yeye alizungumza zaidi juu ya mamlaka na nia za watawala kuliko juu ya kitu ambacho kila msomaji anacho kinywani mwake, awe mtawala au mtawaliwa, yaani lugha.

Fungu la pili la wasomaji ni wale waliokipima kitabu kwa kipimo cha sayansi. Aldous Huxley, ambaye Brave New World yake ilitoka mwaka 1932, na ambaye aliwahi kumfundisha Orwell Kifaransa katika shule ya Eton, alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani mnamo Oktoba 1949. Alikisifu kitabu, kisha akasema kwamba watawala wa baadaye hawatahitaji kukanyaga watu kwa viatu: watagundua kwamba kuwalea watoto katika utii na kuwapumbaza watu kwa dawa na usingizi wa kutiwa ni njia rahisi kuliko marungu na magereza. Isaac Asimov, bingwa wa riwaya za sayansi, alikuwa mkali zaidi katika uhakiki wake wa mwaka 1980. Kwake yeye kitabu si riwaya ya sayansi hata kidogo: hakina kompyuta wala mashine mpya, watu bado wanaandika kwa kalamu za kuchovya wino, na London yake ni Moscow iliyohamishwa mahali, si wakati ujao. Tena alisema kwamba kumchungulia kila mtu kila saa haiwezekani, maana wachunguzi watahitajika wengi kuliko wachunguzwao.

Hoja ya Asimov juu ya kioo cha picha yaonyesha jinsi msomaji hodari awezavyo kukosa shabaha kwa kupenda mno ufundi wake. Kitabu hakisemi kwamba kila mtu hutazamwa daima. Chasema kwamba hakuna ajuaye ni wakati gani anatazamwa, na kwa hiyo kila mtu huishi kana kwamba hutazamwa daima. Mlinzi mmoja asiyeonekana hutosha kwa watu elfu, mradi kila mmoja katika hao elfu awe amejifanya mlinzi wa nafsi yake. Tena habari zilizofichuliwa Juni 2013 zisingehitajika kuthibitisha neno hili, ingawa ufichuzi wa Edward Snowden wa mwaka 2013 juu ya upelelezi wa mawasiliano uliwarudisha watu wengi madukani kukinunua kitabu hiki, na kikaongoza tena katika mauzo ya Marekani mwezi wa Januari 2017. Kuhusu Huxley, hoja yake ni nzito. Lakini yeye na Orwell hawapingani kama inavyodhaniwa. Dawa ya kupumbaza anayoitaja Huxley imo katika kitabu cha Orwell. Haimezwi, bali husemwa. Imo katika Nyongeza.

Nyongeza hiyo yaeleza kwamba Usemi Mpya ulikuwa lugha rasmi ya Oceania, na kwamba msamiati wake uligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la maneno ya maisha ya kila siku, kama kula, kufanya kazi na kupanda ngazi, na kila neno lilisuguliwa mpaka likabaki na maana moja tu iliyo kavu. Fungu la pili lilikuwa la maneno ya siasa, mengi yakiwa ya kuunganishwa na kufupishwa, ili yatamkwe upesi bila ya kuzindua fikra. Orwell anatoa mfano wa vifupisho vilivyotumiwa na Wanazi na Wakomunisti wa wakati wake. Fungu la tatu lilikuwa la istilahi za ufundi. Shabaha ya yote ilikuwa kwamba siku moja fikra ya uasi isiweze kufikiriwa, kwa kuwa hakuna neno la kuivika. Neno la "huru", mathalani, lilibaki, lakini kwa maana ya shamba lililo huru na magugu. Maana ya uhuru wa mtu ilikwisha kufutwa.

C. S. Lewis, katika makala aliyoitoa mwezi wa Januari 1955, alishikilia kwamba Animal Farm ya mwaka 1945 ni kazi bora kuliko Nineteen Eighty-Four. Aliisifu Nyongeza kwa maneno makubwa, lakini akaongeza kwamba kwa bahati njema yaweza kutengwa na kitabu. Ndivyo walivyofikiri pia waendeshaji wa Book-of-the-Month Club ya Marekani mwanzoni mwa mwaka 1949, walipotaka Nyongeza ikatwe pamoja na sura zinazonukuu kitabu cha mwasi Goldstein. Orwell, mgonjwa na mwenye mtoto mdogo wa kulea, alikataa, akijua kwamba huenda akapoteza pauni zipatazo 40,000. Mwishowe waliotaka kukata ndio waliokubali, na kitabu kikatolewa kizima. Mwandishi hahatarishi mali kiasi hicho kwa ajili ya pambo. Tena katika sura ya kwanza kabisa, mara Usemi Mpya unapotajwa, pana tanbihi inayomwelekeza msomaji kwenye Nyongeza. Mlango wa kuingilia waonyesha mlango wa kutokea. Lewis aliusifu mlango huo wa pili, kisha akashauri ung'olewe.

Faida ya mlango huo ilionyeshwa vizuri zaidi na mwandishi wa Kanada, Margaret Atwood. Katika makala ya mwaka 2003 alisema kwamba watu wamemtuhumu Orwell kwa kukata tamaa kwa sababu wanadhani kitabu chamalizika Winston anapompenda Kaka Mkubwa. Hakimalizikii hapo. Chamalizika kwa Nyongeza, nayo imeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida na katika wakati uliopita: Usemi Mpya "ulikuwa", si "ni". Kwa hiyo, asema Atwood, utawala ule umekwisha kuanguka, na kuna mtu wa baadaye anayeuandika kama historia. Katika riwaya yake mwenyewe, The Handmaid's Tale ya mwaka 1985, alifanya jambo la namna hiyo kwa kuweka mwishoni mkutano wa wataalamu wa karne zijazo.

Maoni haya yapokewe kwa hadhari. Masimulizi ya Kiingereza kwa kawaida huandikwa katika wakati uliopita, na hadithi ya Winston yenyewe imeandikwa hivyo. Nyongeza haitaji anguko la Chama, wala vita, wala mapinduzi. Yasema tu kwamba kukamilika kwa Usemi Mpya kulikuwa kumepangiwa mwaka 2050. Msomaji mkaidi aweza kusema kwamba kauli ya wakati uliopita ni desturi ya mwandishi tu, wala haithibitishi kitu. Lakini pana ushahidi mwingine ambao haumo katika nyakati za vitenzi. Umo katika msamiati. Mwandishi wa Nyongeza anatumia maneno ya uhuru, usawa, haki na heshima kwa maana zake kamili, ili kueleza jinsi maana hizo zilivyokusudiwa kufutwa. Mtu aliyebakiwa na Usemi Mpya peke yake asingeweza kuandika hata ukurasa mmoja wa kurasa zile. Haithibitiki kwamba Chama kimeanguka. Yathibitika kwamba lugha haikufa. Na hapo ndipo Deutscher anapojibiwa. Ukatili wa Chama hauelezwi kwa fumbo lisiloelezeka. Unaelezwa kwa mradi unaoonekana, wenye ofisi, wafanyakazi, ratiba na kamusi. Chama kinatesa mwili wa Winston kwa sababu kazi ya kamusi bado haijakwisha. Ingalikwisha, mateso yasingalihitajika.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuongeza maoni yake hapa, naye si mgeni kwa Orwell. Alianza kumsoma kwa lugha yake mwenyewe katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Animal Farm iliyofanywa na Fortunatus Kawegere na kutolewa Nairobi mwaka 1967. Humo amekwisha kuona jinsi amri zilizoandikwa ukutani zinavyobadilishwa neno moja moja usiku, mpaka asubuhi zinasema kinyume. Nineteen Eighty-Four yachukua hila hiyo ya ukutani na kuitia katika kamusi.

Neno la kwanza ambalo msomaji huyu aweza kulisema ni kwamba si kila linalomchukiza Mwingereza katika Usemi Mpya ni ubaya wa kweli. Orwell aonyesha, kama jambo la kutisha, lugha isiyo na vighairi, ambayo shina moja hutoa kitenzi, jina na sifa kwa kuongezewa viambishi. Kiswahili kimefanya kazi hiyo tangu zamani, na hakuna aliyepungukiwa fikra. Katika shina la "ona" kumetoka onana, onekana, onyesha, onya, maono, maoni na onyo. Kitabu hiki kilitolewa kiwe onyo, na wasomaji wakakitolea maoni, na maneno yote mawili yana mzazi mmoja. Kila tawi limeleta maana mpya, halikuifuta iliyotangulia. Basi ubaya wa Usemi Mpya haumo katika uchache wa mashina wala katika unyofu wa sarufi. Umo katika amri ya kwamba tawi lisizae. Wahakiki wanaokichekelea "si-zuri" kinachosimama mahali pa "baya" wamecheka umbo, wakaiacha nia.

Neno la pili ni juu ya fumbo. Usemi Mpya wataka kila neno liwe na maana moja, na ya pili iuawe. Kwa hiyo adui yake wa kwanza si tusi kwa mtawala, ambalo laweza kusikiwa na kuadhibiwa, bali ni fumbo, ambalo lasema jambo moja na kukusudia jingine. Washairi wa pwani walilijua hili. Mombasa ya wakati wa Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, ilisema siasa zake kwa tungo za mafumbo, na mwenye kuelewa alielewa. Lugha yenye ada ya namna hiyo ina ghala ambalo kamusi haiwezi kulifunga, kwa sababu maana ya pili haikai katika neno. Hukaa baina ya msemaji na msikilizaji. Orwell aliogopa kwamba fikra isiyo na neno haiwezi kufikiriwa. Hofu hiyo imepita kiasi. Watu hukosa neno wakatumia mithali, wakatumia kitendawili, wakatumia neno jingine kwa mzunguko. Kinachoua fikra ni pale neno linapokosekana pamoja na mtu wa kusema naye kwa fumbo bila ya hofu. Winston hakupotea kwa kukosa maneno, maana alikuwa nayo tele katika shajara yake. Alipotea kwa kuwa mtu pekee aliyedhani anamwelewa alikuwa mtesaji wake.

Neno la tatu ni juu ya makabwela. Katika Oceania asilimia 85 ya watu si wanachama, na Usemi Mpya haukuwalenga. Wao waliachiwa lugha ya zamani kwa kuwa walihesabiwa kama wanyama. Wahakiki wengi waliona kwamba tumaini ambalo Winston analiweka kwa watu hao ni ndoto, kwa kuwa hawafanyi lolote. Lakini pana mzee mmoja kilabuni anayedai apimiwe pombe kwa kipimo cha zamani, na mwuzaji hajui kipimo hicho ni nini. Winston anamwuliza mzee habari za historia, akapata vijambo visivyo na mpango, akaondoka amevunjika moyo. Alikuwa amesikia alichokitafuta, asikitambue. Neno la kipimo ni kumbukumbu. Msemaji wa Kiswahili hununua mchele kwa kilo, lakini maadamu husema kwamba haba na haba hujaza kibaba, kibaba hakijafa, na pamoja nacho hakijafa kizazi kilichopima kwa kibaba. Mtaalamu wa lugha angalimsikiliza mzee yule kwa makini zaidi kuliko Winston alivyomsikiliza.

Hapa kitabu kinawageukia wenye kazi ya lugha wenyewe. Syme ni mtu anayeipenda kazi yake kwa dhati, naye ni mtunga kamusi. Orwell hakumfanya mjinga. Alimfanya mwenye akili mno, na kwa ajili ya akili hiyo akatoweka, jina lake likafutwa katika orodha kana kwamba hakuzaliwa. Lugha ya Kiswahili nayo ina kamati na kamusi zake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930 ilipewa kazi ya kukisimamia katika vitabu vya shule. Wako wasemaji wa Kimvita na Kiamu waliolalamika kwamba maneno yao yameachwa nje ya mlango, na malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Walakini kuacha neno nje ya kitabu cha shule si sawa na kulipiga marufuku kinywani. Watunzi wa Lamu na Mombasa waliendelea kutunga kwa lahaja zao, na kamusi zilizofuata zilikuwa na mlango wa kuyarudishia maneno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, ikatolewa tena mwaka 2004 na mwaka 2013, na njia yake imekuwa ya kuongeza. Kamusi ya Syme hupungua kila toleo. Tofauti ya kazi ya haki na kazi ya Syme ni hiyo, nayo yaweza kupimwa kwa macho.

Kadhalika neno la "huru". Katika Kiswahili cha zamani lilimpambanua mtu asiye mtumwa na aliye mtumwa. Baadaye "uhuru" likawa neno la mataifa yaliyojitawala. Na maana zote mbili zimekaa pamoja, ya pili ikipata nguvu zake kwa ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa kwa "ujamaa" pia, lililopewa maana ya siasa katika Tanzania na kubaki na undugu wake wa asili. Siasa iliongeza chumba katika nyumba, haikuwatoa wenyeji. Mtawala atakayesema kwamba kuanzia leo neno lina maana ile ya chumba kipya peke yake, na kwamba anayeitaja ya zamani ni adui, huyo atakuwa ameanza toleo la kwanza la kamusi ya Usemi Mpya, hata kama hajapata kulisikia jina la Orwell.

Basi wasomaji wa Nineteen Eighty-Four waweza kupangwa kwa cheo kulingana na swali waliloliuliza. Walioliuliza kitabu kinamsema nani walipata jibu lililowapendeza, wakatulia. Waliouliza kama mashine zake zitatengenezwa walipitwa na mashine. Walioona mwisho wake katika machozi ya Winston walikifunga kitabu kabla ya kukimaliza. Atwood alifika ukurasa wa mwisho, na ingawa hoja yake ya wakati uliopita yahitaji msaada wa hoja ya msamiati, aliielekeza njia ilipo. Kitabu ambacho wengi wamekiita cha kukata tamaa kimewekwa mwishoni mwake mtu asiyetajwa jina, ambaye bado anajua neno "huru" lilikuwa na maana ngapi, na anazieleza moja moja kwa utulivu wa mwalimu wa sarufi.